Saa Mbili na Nusu kutoka Larnaka

Ile namba niliitafuta mwenyewe, asisingiziwe mtu mwingine. Kilomita elfu moja mia saba na arobaini, pungufu kidogo au zaidi kidogo. Saa mbili na nusu angani. Kutoka uwanja wa ndege wa Larnaka, kisiwani Saiprasi, hadi uwanja wa Malta, ambayo nayo ni kisiwa, bahari ileile ya Mediterania. Niliingia kwenye simu, nikaandika majina ya viwanja viwili, ikaniletea mstari mwekundu umepinda juu ya maji ya buluu, na chini yake hizo namba. Nikazinakili kwenye daftari langu la vipimo, kati ya kiuno cha mke wa mchungaji na mabega ya mzee mmoja anayekataa kukubali kwamba amenenepa. Mimi ni fundi cherehani hapa La Rochelle, mtaa wa Johannesburg, chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, na kitu nikishakiandika kwenye daftari lile huwa sikifuti.

Nilizitafuta kwa sababu ya Jacques. Jacques ni Mkongomani wa Uvira, ana duka dogo la vyakula, spaza kama wanavyosema hapa, karibu na robot ya kwanza, hizo taa za barabarani, ukishuka kutoka kwangu. Binti yake Jocelyne ndiye tuliyekuwa tukimwomba aolewe na mwanangu Alain. Sisi Warundi tuna taratibu zetu za kuomba mke, watu wa Uvira wana zao, lakini ziwa letu ni moja, kwa hiyo hatukusumbuana sana. Isipokuwa kwa jambo moja. Jacques alikuja dukani kwangu, akaketi, akavua kofia, akaniambia kwamba katika ukoo wake, tangu babu yake aliyeishi milimani, mahari haipokelewi kabla ya kuulizwa njia. Aliyemlea kijana, si msemaji wa kukodi, huyo mlezi mwenyewe, anasimama mbele ya watu na kusema: siku binti akichoka, njia ya kumrudisha kwao ni ya muda gani. Zamani watu walijibu nusu siku kwa miguu, au mto mmoja na vilima viwili. Na aliyejibu ndiye mdhamini wa njia hiyo. Binti akikwama, ni mlangoni kwake wanakokuja.

Nikamwambia Jacques, kwa mdomo wangu huu usio na breki, kwamba swali lenyewe ni dogo sana kwangu, nitampa jibu mpaka dakika.

Alain si wa tumbo langu. Ni wa dada yangu, aliyefariki hapahapa Johannesburg, Alain akiwa na miaka sita, na neno aliloniachia lilikuwa moja: usimwache. Sikumwacha. Sikuzaa mwingine. Jina langu ni Emérite lakini hakuna anayelitumia. Ni Mama Alain kuanzia Rosettenville mpaka Newtown ninakonunua vitambaa. Yeye na Jocelyne walikua pamoja, shule moja, kwaya moja, wakigombana kwa Kizulu na kupatanishwa kwa Kiswahili. Halafu dunia ikawagawa. Jocelyne akapata kazi ya kutunza wazee huko Malta, ambako kaka yake Pacifique alikuwa ametangulia, na kwa swali la njia huko ndiko kwao. Alain akapata chuo Saiprasi. Tulipotazama ramani tukaona wote wawili wako bahari moja. Tukapiga makofi, tukasema watoto wetu ni majirani.

Mpango ulikuwa huu. Jumamosi tunafanya sherehe ya kuomba hapa Johannesburg, wazazi kwa wazazi, watoto wakionekana ukutani kwa video. Lakini ndoa yenyewe Jacques hakuitaka ya kwenye simu. Alishikilia kwamba binti lazima aingie nyumbani kwa mumewe kwa miguu yake. Kwa hiyo Jumatatu Jocelyne angepeleka barua ya kuacha kazi, na baada ya siku chache angepanda ndege kumfuata Alain. Sasa, kibali chake cha kuishi Malta kimeshikana na kazi ile. Akiacha kazi, kibali nacho basi, ila tulidhani mke wa mwanafunzi mwenye kibali ataombewa viza ya kurudi kwa kaka yake. Viza ya kuingia Saiprasi alikuwa ameshapata. Barua alikuwa ameshaiandika, iko kwenye mkoba. Ilikuwa ikingoja jibu langu tu.

Jumamosi yenyewe, saa mbili asubuhi, Alain akanipigia tujaribu picha. Alikuwa amevaa shati jeupe, amenyoa vizuri, nyuma yake ukuta mtupu. Nikamsifu. Nikamwambia akae mbele ya dirisha watu waone nchi. Hakusogea. Basi mimi, kwa tamaa yangu ya kutia chumvi, nikamuuliza kutoka kwake mpaka uwanja wa Larnaka anapanda basi gani na linachukua muda gani, maana nilitaka kuongeza na hilo kwenye jibu langu. Alain akacheka. Kisha akanyamaza. Nimemlea mimi, nayajua manyamazo yake yote, ya kuiba sukari, ya kufeli mtihani, ya kupenda. Lile sikuwahi kulisikia.

"Mama," akasema, "mimi siwezi kufika Larnaka."

Nilidhani ni nauli. Nikaanza kumfokea kwamba kwa nini asiseme mapema, akanikatiza taratibu. Kisiwa kile, akasema, kimekatwa vipande viwili tangu kabla yeye hajazaliwa. Larnaka iko kusini. Chuo chake kilikuwa kaskazini. Katikati kuna waya, na vizuizi, na askari wa Umoja wa Mataifa. Yeye aliingia kwa ndege kupitia Uturuki, na ndege za huko kaskazini zote zinarudia njia hiyohiyo ya Uturuki, na viza ya huko hana. Chuo alikiacha mwaka wa pili, ada ilipomshinda. Kibali cha mwanafunzi kikaisha. Miaka miwili sasa anaosha vyombo kwenye hoteli, na akiona polisi anageuza njia. Akijipeleka uwanja wa ndege watamkamata kwa siku alizozidisha na kumpakia kwenda Burundi, ambako baba yake aliuawa. Akijipeleka kwenye waya, hawamvushi. Kurudi Johannesburg ndiyo kabisa: karatasi yake ya ukimbizi ilikufa siku alipochukua pasipoti ya Burundi ili aende kusoma. Na mimi ndiye niliyempeleka ubalozini Pretoria kuichukua, tena nikampiga picha akiishika.

Nikamuuliza kama Jocelyne anajua. Hajui. Alimwambia yuko Saiprasi, na Jocelyne akadhani Saiprasi ni moja. Kama nilivyodhani mimi, mjinga mwenzake.

"Usiseme, Mama," akaniambia. "Akija, yeye atavuka huku kwa miguu, wenye viza wanavuka. Akishakuwa mke wangu atatafuta namna ya kunitoa. Sina mtu mwingine."

Nikamuuliza atamtoa kwa kitu gani, na karatasi ya Malta atakuwa ameiua mwenyewe kwa barua ya Jumatatu. Alain akaangalia chini. Akasema tutaona. Halafu akasema anaitwa kazini, lakini hakuna aliyekuwa anamwita. Nilisikia kimya cha chumba chake chote.

Nikakaa kitandani, kitambaa changu cha sherehe kimefungwa begani upande mmoja tu. Eish, nisiwafiche, kwanza nilimkasirikia. Miaka miwili ananitumia picha za bahari, miaka miwili naonyesha wateja picha za bahari. Halafu hasira ikapita nikaogopa. Hiyo "tutaona" naijua. Kutoka hapa hadi Bujumbura ni saa tatu na nusu kwa ndege, hiyo nayo niliwahi kuitafuta. Nilimwambia mama yangu nikiwa naondoka: ni saa tatu na nusu tu, Mama, nitakuwa nakuja. Sasa ni miaka kumi na tisa. Karatasi yangu inaniruhusu kuishi, kushona, kulipa pango. Hainiruhusu kutoka nikarudi. Mama alipozikwa niliangalia mazishi kwenye simu, na mtandao ulikatika walipokuwa wanashusha jeneza. Uliporudi, watu walikuwa wananawa mikono.

Nilijua basi ninachoombwa kufanya. Nikisema saa mbili na nusu, Jocelyne anaacha kazi Jumatatu na kwenda kujifungia kwenye chumba kile chenye ukuta mtupu, na mdhamini wa njia yake ni mimi. Nikisema ukweli, mwanangu anakosa mke, na anakosa mtu pekee duniani mwenye karatasi nzuri anayempenda. Nilizunguka chumba changu nikitafuta jambo la tatu. Halikuwepo. Nikamalizia kujifunga kitambaa, nikatoka.

Ukumbi ni wa kanisa, mtaa wa pili kutoka kwangu. Nilipofika umeshajaa, watu kama themanini, watoto wanateleza kwenye sakafu, kina mama wanapakua pilau nyuma. Fahad, Mtanzania anayerekodi harusi za watu wote wa huku kusini mwa jiji, alikuwa ameshatundika shuka jeupe ukutani. Nikamtafuta Libère. Huyu ndiye msemaji wetu. Siku za kazi ni mlinzi kwenye jengo la benki Sandton, anafungulia mabosi geti. Jumamosi ni mfalme, anawaombea Warundi wote wachumba na hajawahi kurudi mikono mitupu. Suti yake nimeishona mimi na hajawahi kunishukuru. Nikamvuta nyuma ya ukumbi, kwenye majiko ya gesi, nikamweleza yote kwa Kirundi ili kina mama wa Kikongo wasisikie.

Libère akajifuta paji la uso kwa tai. Nikamwambia tuahirishe, aseme mimi nimeugua, aseme presha imepanda, na haingekuwa uongo. Akakataa. Alisema watu wametoka mpaka Pretoria, chakula kimeiva, Jacques ameshavaa kofia yake ya manyoya, na sherehe ikiahirishwa saa hii watu watadhani kijana ana mke mwingine. Akanisogelea.

"Umeulizwa njia, jibu njia," akasema. "Hukuulizwa karatasi za mtu. Larnaka mpaka Malta ni saa mbili na nusu au si saa mbili na nusu?"

Nikamwambia ni saa mbili na nusu.

"Basi hujasema uongo. Sharp. Twende."

Ndugu zangu, ningependa kusema kwamba nilimkatalia. Sikumkatalia. Nilimfuata ndani kama kondoo, na njiani nikawa narudia namba ile moyoni na kuona kwamba ni kweli haina uongo. Namba ni safi. Mwongo hayupo. Nikaketi mstari wa mbele, katikati, Libère kulia kwangu na mkewe kushoto, nyuma yangu magoti ya watu. Mlango ulikuwa mwisho wa ukumbi na mbele yake wameweka meza ya keki. Madirisha yana nondo, kama madirisha yote ya jiji hili. Kitambaa nilikuwa nimekibana sana kifuani, na hewa ilikuwa ya pilau.

Ukutani wakatokea. Alain kushoto, Jocelyne kulia, wakubwa kuliko watu, vichwa vyao vinagusa dari. Jocelyne amesuka, amevaa hereni za mama yake, Pacifique amesimama nyuma yake na suti. Watu wakapiga vigelegele. Jocelyne akapunga mkono. Alain hakupunga, alikuwa ananitafuta mimi kwenye simu yake, naona macho yanavyotembea.

Libère akaanza. Sitawachosha. Alisema tumepotelewa na ndama, tumefuata kwato zake mpaka kwenye boma hili. Msemaji wa kina Jacques akajibu kwamba hapa hakuna ndama, labda tumepotea njia, warudi kwao hawa, si wanajulikana Warundi kwa kupotea. Watu wakacheka. Libère akajibu kwamba Mrundi hapotei, anachelewa tu kufika. Wakacheka tena. Kwa kawaida mimi ndiye ninayecheka kuliko wote, tena natupia neno langu kutoka kwenye kiti. Siku ile nilikuwa nahesabu nondo za dirisha. Waliombana, wakakataliana, wakapatana. Ndipo Jacques akasimama, na ukumbi ukatulia.

"Mama Alain," akasema, "sisi kwetu tuna swali moja, na unalijua. Binti yetu akichoka, akiugua, akitukumbuka, njia ya kumrudisha kwa kaka yake ni ya muda gani?"

Nikasimama. Nikamtazama Alain pale ukutani. Alikuwa ameweka mikono pamoja mbele ya kidevu, kama alivyokuwa akifanya utotoni akiomba asipelekwe kulala. Dada yangu alikuwa na uso uleule.

"Kutoka Larnaka hadi Malta," nikasema, "ni saa mbili na nusu kwa ndege."

Ukumbi ukalipuka. Vigelegele, makofi, mtu akapiga filimbi. Marthe, mama yake Jocelyne, akafunika uso akalia kwa furaha. Libère akanivuta nguo niketi. Alain akafumba macho, mabega yakamshuka, na kwa muda ule mfupi nilikuwa nimemwokoa mwanangu, mwenzenu, nilihisi kabisa nimemwokoa. Halafu nikasikia sauti ya Jocelyne kwenye spika za Fahad. Hakuwa anasema na sisi. Alikuwa amemgeukia Pacifique, anacheka, anamwambia kwa ile sauti ya mtu aliyetua mzigo: "Unaona? Saa mbili na nusu tu. Nitakuwa nakuja."

Sikuketi.

Libère alinivuta tena, nikamsukuma mkono. Nikangoja vigelegele viishe. Vilichukua muda mrefu, na kila aliyeniona nimesimama alidhani nataka kushukuru.

"Lakini Alain hayuko Larnaka," nikasema.

Nikawaambia. Sikusema vizuri. Nilichanganya kaskazini na kusini, nikarudi nikasahihisha, nikasema waya, nikasema chuo, nikasema siku alizozidisha. Nilisema kwamba njia ile ipo na ni fupi lakini mwanangu haruhusiwi kuikanyaga, na binti yao akimfuata upande ule baada ya kuacha kazi yake hatakuwa na pa kurudi, na kwamba wakija mlangoni kwangu kama mdhamini watanikuta na cherehani na karatasi isiyovuka hata mpaka wa Beitbridge. Nilisema nimejua asubuhi ile. Nilisema nilikuwa nimeamua kuwaficha. Hilo hakuna aliyeniuliza, lilitoka tu.

Jacques alibaki amesimama, kofia yake mkononi. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Aligeuka akatazama ukutani, akamwita Alain kwa jina, akamuuliza kama mama yake amesema kweli.

Alain hakumjibu Jacques. Alinitazama mimi. Akasema "Mama," basi, neno hilo moja, kisha upande wake wa shuka ukawa mweusi. Fahad akabonyeza-bonyeza mashine yake akidhani ni mtandao.

Jocelyne alikuwa bado yupo, peke yake kwenye nusu ya ukuta. Nilitegemea alie. Alikuwa anatazama pembeni, pale Alain alipokuwa kwenye simu yake, akingoja arudi. Pacifique akamwekea mkono begani. Baada ya muda akasema kwa sauti ndogo kwamba asanteni wazazi, anaomba apumzike, na upande wake nao ukazimika. Shuka likabaki shuka.

Jacques akatangaza kwamba njia imejibiwa, na kwa njia hiyo wao hawawezi kumtoa binti. Akasema chakula ni chakula, watu wale. Wakala, mnajua watu. Mimi nilipita katikati yao kuelekea mlangoni, na hakuna aliyenizuia wala kunisindikiza. Mke wa Libère alisema nyuma yangu, si kwa kunong'ona, kwamba mtoto wa kumzaa mwenyewe nisingemfanyia vile. Wakahamisha meza ya keki ili nipite.

Jumatatu Jocelyne hakupeleka barua. Jacques alinieleza yeye mwenyewe, akija dukani kwangu na mfuko wa sukari kutoka spaza yake, akauweka juu ya meza bila kusema ni wa nini. Alisema binti analia lakini yuko kazini. Alisema Jocelyne hajui kama anamlilia Alain au analia kwa kudanganywa. Akakaa kidogo, akaondoka. Wateja wa Kirundi walipungua wiki ile. Wengine walikuja kuchukua nguo zao kabla sijazimaliza. Libère amerudisha suti, amesema inambana.

Na Alain kimya. Nilimwandikia, nikampigia, nikamtumia sauti. Nilimfokea, nikamwomba radhi, nikamfokea tena. Siku kumi na moja. Nilifungua ile ramani kwenye simu kila siku, nikaikuza mpaka nikauona mji wake, na kweli mstari upo, umechorwa kwa nukta nukta za kijivu, mtu huwezi kuuona mpaka uwe unautafuta. Sikuwa nimeukuza kiasi kile mara ya kwanza. Nilikuwa nimetazama bahari tu.

Siku ya kumi na mbili, Jumatano mchana, akapiga. Simu ya kawaida, si video. Niliacha cherehani katikati ya mshono, sindano imo ndani ya kitambaa.

Hakunikaripia. Aliniuliza mgongo wangu unaendeleaje. Akasema huko mvua imenyesha, na hoteli wamempunguzia siku. Akasema Jocelyne amemwandikia mara moja, barua ndefu, na hajaijibu, kwa sababu kila anachoandika kinasomeka kama anaomba kitu. Akasema alikaa siku zote hizo akinichukia, na sasa amechoka kunichukia, na anajua kwamba nilifanya sawa. Alisema kwa Kiswahili safi, taratibu, bila kuchomeka Kiingereza kama anavyofanya siku zote, na ndivyo nilivyojua kwamba alikuwa ameyapanga maneno.

"Usilie, Mama," akasema. Sikuwa nimejua kwamba ananisikia.

Nikamwambia silii.

"Nataka nikuulize kitu, na usinifokee. Jocelyne alikuwa ndiyo njia yangu. Sasa wewe, uliyesema kweli mbele ya watu wote, niambie na mimi ukweli." Akapumua. "Mimi natokaje huku?"

Alingoja. Nilisikia anangoja. Mimi ambaye mtaa mzima unajua kwamba sikosi neno, mimi ninayejibu kabla swali halijaisha, nilitazama ukuta wa chumba changu na kila upande niliogeukia ulikuwa ukuta.

Nikamwambia angoje kidogo, kuna mtu anabisha hodi.

Hakuna aliyekuwa anabisha.